Namba za Hewa Zinaanzia Katika Daftari Letu

(Mazungumzo haya yalitolewa na mfanyakazi wa maendeleo ya jamii mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia kutoka Dandora, Kariobangi, Kayole na Umoja, Nairobi. Tunayachapa karibu kama yalivyosemwa, ili vikundi vya vijijini navyo viyajadili.)

Poleni na matope. Najua wengine mmetoka kazini moja kwa moja, hata chai hamjanywa. Sitawaweka hapa mpaka usiku.

Niliombwa kuzungumza juu ya jambo ambalo mwanzoni lilinichekesha. Mwenyekiti aliniambia, "Uje utueleze jinsi wanasayansi wanavyofundishwa kuchambua vipimo vya gesi ya methani." Nikajiuliza, mimi na methani wapi na wapi? Mimi nilisomea kazi ya jamii, nikapata diploma, basi. Lakini nilipoelezwa sababu, niliacha kucheka.

Sababu mnaijua. Kuna wageni wamekuja kwa vijana wa taka. Wanasema mkitenga taka za jikoni na kuzifanya mboji, mnazuia methani kwenda hewani, na ile gesi iliyozuiwa inaweza kuhesabiwa na kuuzwa. Wameacha karatasi ya kutia sahihi. Tena wamesema vijana wawili waliomaliza kidato cha nne wanaweza kwenda kufundishwa kupima. Sasa kikundi kimegawanyika. Upande mmoja unasema tutie sahihi leo, pesa isitupite. Upande mwingine unasema ati huo ni utapeli, nani ananunua hewa?

Sikuja kuwaambia tieni sahihi au msitie. Nilisoma, nikauliza wanaojua, na leo nataka mjue namba ya gesi inapikwa vipi. Mtu akijua chakula kimepikwa vipi, hadanganywi na sahani.

METHANI NI NINI, NA INATOKA WAPI?

Taka za jikoni, yaani maganda ya ndizi, sukuma iliyooza, ugali uliolala, zikifukiwa mahali pasipo na hewa, vijidudu vidogo huzila na kutoa methani. Ndiyo gesi ile ile inayowaka kwenye jiko la samadi. Inatoka pia tumboni mwa ng'ombe, kwenye mashamba ya mpunga, kwenye vinamasi, kwenye mabwawa ya maji machafu kama yale ya Ruai, na kwenye majaa. Jaa letu la Dandora lilianza miaka ya 1970 kwenye shimo la machimbo ya mawe, na mwaka 2001 likatangazwa kwamba limejaa. Hadi leo mnaona wenyewe malori.

Gesi hii hukaa hewani miaka kama 12 hivi, lakini katika muda huo hushika joto sana. Ukipima athari yake kwa miaka 20, kilo moja ya methani inashika joto zaidi ya mara 80 kuliko kilo moja ya kaboni dioksaidi. Kabla ya viwanda kuenea duniani, hewa ilikuwa na methani sehemu kama 700 kwa kila sehemu bilioni. Sasa zimepita 1,900. Ndiyo sababu mwaka 2021, kule Glasgow, nchi nyingi ziliahidi kwamba kwa pamoja zitapunguza methani kwa asilimia 30 ifikapo 2030, zikihesabu kutoka kiwango cha 2020.

Nataka mshike jambo moja. Methani haina harufu. Ule uvundo unaotufikia upepo ukitoka jaani ni wa gesi nyingine. Kwa hiyo pua si kipimo. Na vijana, tafadhali, kiberiti pia si kipimo! Methani ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 15, inalipuka. Asiwepo mtu wa kuwasha moto juu ya shimo eti ajue kama kuna gesi.

KWA NINI TUPIME SISI WENYEWE?

Zamani, na mara nyingi hata leo, nchi zetu hazikupima. Zilikopa namba. Jopo la kimataifa la tabianchi lina kitabu cha mwongozo. Katika kile cha 2006, ng'ombe wa maziwa wa Afrika aliandikiwa kilo 46 za methani kwa mwaka, na ng'ombe wengine kilo 31. Sasa fikirieni: ng'ombe wa zero-grazing wa Kiambu na ng'ombe mwembamba wa Nyando wakati wa kiangazi, wote wanawekwa katika gunia hilo moja. Ukikosa namba yako, utavaa namba ya mwenzako, ikikubana au ikikupwaya.

Hapa hapa Nairobi, katika taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, kuna Kituo cha Mazingira. Wana vyumba maalumu ambamo ng'ombe huingizwa na pumzi yake kupimwa. Watafiti walipima pia gesi inayotoka kwenye kinyesi cha ng'ombe katika malisho ya Kenya, na matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha gesi ndogo kuliko zile namba za kukopa zilivyodai. Mnaona? Bila vipimo, mfugaji wetu angebebeshwa mzigo usio wake.

Tatizo ni kwamba wapimaji ni wachache. Mwaka 2021 wanasayansi walichapisha mkusanyiko wa vipimo vya methani kutoka vituo 81 vya dunia, na vya Afrika vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole, kama vile Okavango kule Botswana. Kununua mashine si mwisho wa kazi. Anatakiwa mtu wa kusoma kile mashine inachosema. Ndiyo maana kuna mafunzo.

SOMO LA KWANZA: SANDUKU

Njia rahisi ya kupima ni kufunika ardhi kwa sanduku, kama unavyofunika sufuria. Gesi inayotoka ardhini inajikusanya ndani. Unavuta hewa kidogo kwa bomba la sindano mwanzoni, baada ya dakika 10, dakika 20, na dakika 30. Halafu unapeleka maabara.

Tuseme majibu yamekuja hivi: 2,000, halafu 2,300, halafu 2,600, halafu 2,900. Kila dakika 10 imeongezeka 300, yaani 30 kwa dakika. Safi. Sasa sanduku la pili: 2,000, 2,300, 2,100, 2,900. Hiyo ya tatu imeanguka. Mwanafunzi mgeni atafanya nini? Atashawishika kufuta 2,100 na kuandika 2,600, ili mstari unyooke. Hapo mwalimu anamshika mkono. Anamwambia rudi kwenye daftari la shambani. Je, sindano ilivuja? Je, upepo uliinua sanduku? Sababu ikipatikana, namba ile inaachwa, na inaandikwa kwamba imeachwa na kwa nini. Sababu isipopatikana, sanduku lile linatiwa alama ya shaka. Kufuta na kubandika, hapana.

Kuna kosa lingine ambalo lingetupata sisi wa Nairobi. Ili kugeuza zile namba ziwe uzito wa gesi, lazima ujue ukubwa wa sanduku, joto la hewa, na kanieneo ya hewa, yaani jinsi hewa inavyogandamiza. Sisi tuko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi. Kanieneo yake ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Mtu akinakili hesabu ya pwani au ya Ulaya bila kubadilisha hapo, jibu lake litazidi kwa zaidi ya moja ya tano. Hakuiba, hakudanganya, lakini kila debe tano kwake zimekuwa sita. Kesho mkaguzi akija, nani ataitwa mwizi? Ni kikundi.

SOMO LA PILI: MNARA

Njia nyingine ni mnara wenye mashine ya kupima upepo na mashine ya kupima gesi. Minara ya namna hii ya kupima pumzi ya ardhi ipo hata Kapiti, kaunti ya Machakos, katika malisho ya ILRI.

Mnara unafanyaje kazi? Chukueni soko la Muthurwa. Ukitaka kujua mboga ngapi zimetoka sokoni, huna haja ya kuhesabu kila meza. Simama mlangoni. Tazama kila anayeingia na kikapu chake, na kila anayetoka na kikapu chake. Tofauti ndiyo mboga iliyotoka. Upepo nao huja kwa mizunguko midogo midogo, mmoja unapanda, mwingine unashuka. Ule unaopanda ukibeba methani nyingi kuliko unaoshuka, basi ardhi inatoa methani.

Lakini mizunguko hiyo ni ya haraka. Mashine inasoma kama mara 10 kwa sekunde. Kwa nusu saa moja hizo ni namba 18,000. Kwa siku nzima ni 864,000. Hakuna karani wa kuzisoma moja moja, kwa hiyo kuna programu za kompyuta. Moja inayotumika sana inaitwa EddyPro, na haiuzwi, unaipata bure. Ndipo watu wanapopotea. Wanadhani kujifunza ni kujua kitufe cha kubonyeza. Kitufe utakijua kwa siku moja. Kujua lini programu inakudanganya, hiyo ni kazi ya miezi na miaka.

Mwanafunzi anafundishwa kujiuliza. Je, kuna namba zilizoruka ghafla kwa sababu ndege alitua kwenye mashine? Je, mashine imesimama wima, au imeinama ikadhani upepo wa kando unapanda? Je, gesi ilichelewa kufika kwenye kipima kuliko upepo? Je, hewa ilipanuka kwa joto na unyevu, ikafanya gesi ionekane imepungua? Hilo la mwisho wanasayansi watatu, Webb, Pearman na Leuning, walilitolea kanuni mwaka 1980, na mpaka leo linatumika.

Tena kuna upepo umetoka wapi. Sisi wa Eastlands tunalijua hili bila kufundishwa. Upepo ukigeuka, uvundo wa jaa unahama, leo Korogocho, kesho kwetu. Mnara pia unapima kile ambacho upepo umeupitishia. Ukisema "jaa linatoa kiasi hiki" wakati upepo ulikuwa unatoka kwenye mto, umemsingizia jaa kosa la mto.

Wengine watauliza, si siku hizi setilaiti zinaona kila kitu? Ni kweli, mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya majaa ya Buenos Aires, Delhi, Lahore na Mumbai yakipimwa kutoka angani. Lakini setilaiti inaona jaa kubwa. Rundo lenu la mboji nyuma ya ukumbi halioni. Hilo litategemea daftari.

MAPENGO, NA KOSA LANGU

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nikubali kuja hapa.

Usiku upepo ukitulia, mnara ni kama askari wa mlangoni aliyesinzia. Watu wanapita lakini hahesabu. Mvua ikinyesha, kioo cha mashine kinalowa. Stima ikipotea, kimya. Mwisho wa mwaka sehemu kubwa ya vipimo haifai au haipo. Basi wanafanyaje? Wanajaza mapengo. Ndiyo, hata wao! Wanatazama joto la udongo, unyevu, siku zinazofanana, wanakadiria. Lakini kila namba iliyokadiriwa inawekewa alama yake. Namba ghafi za mashine zinahifadhiwa bila kuguswa, ili mtu mwingine arudie hesabu yote tangu mwanzo. Na jumla ya mwaka inaandikwa pamoja na kiasi inachoweza kukosea.

Niliposoma hapo, niliweka kitabu chini. Nikakumbuka.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nawasaidia vijana wa kikundi kimoja cha taka, si hiki. Mimi ndiye niliyeshika daftari la uzito. Kila mkokoteni ulipimwa kwa mizani ya kuning'iniza, nikaandika. Kisha mizani ikaharibika. Kuitengeneza kukachukua karibu wiki tatu. Nikaona aibu kuacha kurasa tupu. Wastani wetu ulikuwa kilo 180 kwa siku, basi nikaandika 180, 180, 180. Wino ule ule, mwandiko ule ule. Nilijiambia si uongo, ni wastani.

Wafadhili waliokuwa wanataka kutununulia mashine ya kukatakata taka wakatuma mkaguzi. Alikuwa mtu mpole. Alifungua daftari, akaweka kidole kwenye siku moja ya Aprili. Akaniuliza, "Siku hii mlipima?" Kijana mmoja, bila kujua, akajibu, "Hiyo siku tulilala, barabara ilikuwa maji matupu." Na daftari lilisema kilo 180.

Ndugu zangu, mkaguzi hakukataa zile wiki tatu. Alikataa daftari lote. Miezi kumi na moja ya uzito wa kweli, vijana walioingia matopeni saa kumi na moja alfajiri, yote yakawa si kitu, kwa sababu hakuna aliyeweza kujua ipi ni ya kweli na ipi ni yangu. Mashine haikuja. Vijana wawili waliacha kazi ile. Hawakunilaumu mbele yangu, na hiyo iliniuma zaidi.

Ningeandika herufi moja tu kando, K, kwa "kukadiria", tungeokoka. Pengo si dhambi. Kuficha pengo ndiko kulikotumaliza.

KABLA YA KUTIA SAHIHI

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe, kwa hiyo kazi yenu ni ya maana hata asije mnunuzi. Na Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilirekebishwa 2023. Mradi wa kaboni ukiwa katika ardhi ya umma au ya jumuiya, lazima uwe na mkataba wa maendeleo ya jumuiya. Jumuiya ipate kila mwaka angalau asilimia 40 ya mapato kwa miradi ya ardhi, na angalau asilimia 25 kwa miradi isiyo ya ardhi. Waulizeni wageni wenu kama mradi wao uko chini ya kifungu hicho, na mpeleke karatasi kwa mtu wa sheria aisome.

Lakini asilimia 25 ya nini? Ya mapato. Na mapato yanatoka kwa tani. Na tani zinatoka kwa hesabu. Anayeshika hesabu ndiye anayeshika kisu cha kukatia keki. Ndiyo sababu mimi nasema, sahihi isubiri, lakini vijana waende wakafunzwe. Nauli itoke kwenye mfuko wa kikundi. Si lazima wawe wale wenye alama za juu za hisabati tu. Chagueni anayeweza kusema mbele ya watu, "Hapa nilikosea."

Na msisahau, mboji nayo ikikaa bila kugeuzwa inakosa hewa na kutoa methani. Msijisifu kwamba mmezuia gesi kabla hamjapima.

Wakati tunangoja, kila kikundi, cha mjini na cha kijijini, kianze haya:

1. Daftari moja la namba za kwanza, kwa kalamu ya wino. Ukikosea, piga mstari mmoja, namba ya zamani isomeke, andika sahihi kando.

2. Kila namba iwe na tarehe, saa, jina la aliyepima, na hali ya hewa.

3. Kila Jumatatu jaribuni mizani. Pakiti mpya tano za unga wa kilo 2 zisome kilo 10 na ziada ndogo ya karatasi tu. Zikisoma 9 au 11, andikeni, na mizani ipelekwe kutengenezwa.

4. Kilichokadiriwa kiwekewe K, na maelezo ya jinsi mlivyokadiria.

5. Mara moja kwa mwezi mtu mwingine arudie hesabu nzima bila kuona jibu la kwanza. Majibu yakitofautiana, msigombane. Tafuteni chanzo.

Kina mama wa chama cha kuweka na kukopa, ninyi mnafanya haya kila Jumapili na vitabu vya pesa. Hakuna atakayewafundisha upya uaminifu. Wafundisheni hawa vijana wa hewa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hewa nayo sasa imekuwa mali, sivyo?

Nimemaliza. Yule kijana aliyesema "tulilala" alikuwa amesema kweli, na siku ile nilimkasirikia. Leo namshukuru.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika daftari letu, kuna namba zilizoandikwa bila kupimwa? Tutazitambuaje?

2. Nani anashika mizani, na nani anamkagua?

3. Mtu akituletea mkataba unaohusu gesi au kaboni, tutamuuliza namba zake zilipimwa wapi, na nani, na kwa njia gani?

4. Mwanachama akikiri kosa la hesabu, sisi humpokea vipi?